Chupa ya Nane

"Pua yangu hii," Bi. Arafa alipenda kuwaambia wageni wa Nyumba ya Karatasi, "inanusa kuvu kabla kuvu yenyewe haijajijua." Mgeni akiwa bado ametoa macho, yeye hujigonga ncha ya pua kwa kidole na kuongeza: "Ila wali ukiniungulia jikoni, jirani ndiye hupiga hodi kunipa habari."

Asubuhi ile hakuhitaji pua. Alihitaji macho tu, ayatupe kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili mbele ya msikiti wa Mchingoni. Kila alfajiri, kwa zamu, mwanamke mmoja wa mtaa huloweka kanga, huikamua na kuianika pale. Ikikauka mapema, watu huenda shamba, huenda sokoni, hugombana, huoana. Isipokauka, hiyo ni Siku ya Nguo Mbichi, na kila mtu anajua la kufanya. Maana mwili nao ni nguo. Jasho hukupoza pale linapokauka. Hewa ikishashiba maji, isiweze kumeza hata tone moja zaidi, jasho hubaki juu yako kama mchuzi, na wewe ndani yake unaiva polepole, umekaa kivulini na adabu zako zote.

Saa tatu kanga ilikuwa bado inadondosha. Ilikuwa siku ya nne ya namna hiyo mwaka ule, na mwaka haujafika hata nusu. Watu wakaanza kushika njia ya mtoni, mwendo wa saa nzima, kwenda kujizika kwenye matope mpaka shingoni hadi jioni. Zamani kulikuwa na kituo cha baridi chenye mashine. Mashine iliharibika mwezi wa pili, na kifaa chake kilikuwa "njiani". Vitu vingi vya Mchingoni vilikuwa njiani.

Bi. Arafa akaingia Nyumba ya Karatasi. Akafunga mlango wa kwanza, akapumua mara kumi gizani, ndipo akafungua wa pili. Ndani kulikuwa na ukavu mtamu, kama wa mtungi wa unga. Akatazama kipimo chake ukutani: unywele mmoja mweupe, wa kichwa chake mwenyewe, uliooshwa mafuta yote kwa sabuni ya mche na kufungwa kwenye sindano ndefu. Unywele hurefuka ukipata unyevu, husinyaa ukikosa. Sindano ilikuwa chini ya mstari mwekundu, pale inapotakiwa. Akausalimu ukuta, akaugusa kwa kiganja.

Ukuta ule ulikuwa hai, na usidhani nasema kwa mafumbo. Unene wake mkono mzima, udongo na chokaa na mkaa wa vifuu, na ndani yake zimetambaa nyuzi nyeupe kama tambi za Idi. Ni jamii ya uyoga, uliofugwa na wataalamu kwa kazi hiyo moja miaka thelathini nyuma, umeme ulipogeuka kuwa kitu cha saa mbili kwa siku na viyoyozi vyote vikawa nyumba za mijusi. Nyuzi zile hunywa mvuke wa ndani na kuusukuma nje, ukatoka chini kwenye bomba ukiwa maji. Ukuta hauli umeme, hauli mafuta, hauombi likizo. Una kilema kimoja tu: una tumbo.

Tumbo lake ni chupa nane kutwa. Ukiulisha ya tisa, hutapika. Maji yote uliyoyashika huyarudisha chumbani, na baada ya siku tatu kila karatasi imeota manyoya kama panya.

Na karatasi zenyewe zilikuwa mafaili mia nne na kumi, yenye majina na alama za dole gumba za watu wa mitaa ya chini, ile iliyomezwa na bahari. Kila familia iliahidiwa kiwanja juu, Nambiro, uwanda ambako kanga hukauka kabla chai haijapoa. Kompyuta za idara ya ardhi zilikuwa zimeyapoteza majina yale, kwa namna ambayo kompyuta hupoteza majina ya maskini peke yao. Siku kumi na moja zilibaki tume ije Mchingoni kuona karatasi halisi, si nakala, si picha. Zikiwepo, watu elfu mbili wanapanda mlimani. Zikioza, wanabaki bondeni na kanga yao.

Kwa hiyo kulikuwa na sheria. Mkutano uliitunga mashine ya baridi ilipokufa na watu wakaanza kuutazama ukavu wa Bi. Arafa kwa jicho la njaa. Walipiga hesabu. Siku ya Nguo Mbichi, hata milango ikifungwa, hewa inayopenya huulisha ukuta chupa sita. Mtunzaji lazima awe ndani kufungua na kufunga matundu ya hewa, na mtu mzima aliyetulia hutoa chupa moja kutwa kwa pumzi na jasho. Jumla saba. Siku tatu za mwanzo walipima, huku beseni la chumvi kwenye baraza la msikiti likipima unyevu wa hewa: saba, saba, saba. Ikabaki nafasi ya pumzi moja.

"Nafasi moja kwa watu elfu mbili si nafasi, ni fitina!" alisimama mtu mmoja na kusema. "Asiingie yeyote! Hata mimi mumewe! Nikija kugonga, nipigwe mchi!"

Alikuwa Mzee Kaombwe, mume wa Bi. Arafa, mwanamume aliyependa sana kusimama kwenye mikutano kwa sababu nyumbani hakupewa nafasi. Alipigiwa makofi. Akanogewa, akaongeza kwamba maji ya ukuta yawekwe kwenye kizimba chenye kufuli, yapimwe kila asubuhi mbele ya watu, "maana mtunzaji naye ni binadamu". Ufunguo alipewa Binti Mkomela, mkaanga vitumbua, mwanamke asiyejua kukosea kipimo. Alikuwa shoga wa Bi. Arafa tangu utotoni. Bi. Arafa ndiye aliyekuwa somo wa Sikuzani, mtoto wa huyo Binti Mkomela. Ndiye aliyemweka ndani, akamfunza, akamtoa unyagoni akiwa mtu mzima.

*

Saa nne na nusu mlango wa nyuma ulikwaruzwa. Haukugongwa, ulikwaruzwa, kama paka.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mchi ninao mkononi."

"Arafa, acha mzaha. Nakufa."

Alijua sauti za uongo za mumewe, zote, kwa mpangilio. Hii haikuwamo. Akafungua. Mzee Kaombwe alikuwa amejiegemeza kwenye fremu, midomo rangi ya majivu, macho yanatazama kitu kisichokuwepo. Alikuwa ameanza safari ya mtoni na wenzake, akafika robo ya njia, miguu ikamkatalia. Wenzake hawakugeuka nyuma. Siku kama ile anayegeuka hafiki.

Miaka arobaini na moja Bi. Arafa alikuwa akitishia kumfungia mlango mtu huyu. Na mke anayetishia miaka arobaini na moja, ujue hana nia.

Akamvuta ndani kwa makwapa. Akafunga mlango wa kwanza, akahesabu pumzi kumi. Zake kumi na za mumewe kumi.

Akamlaza sakafuni chini ya rafu, akamvua nguo zilizokuwa zinachuruzika, akazishindilia kwenye kopo la biskuti na kulifunga kwa plasta ili unyevu wake usitoke. Kisha akatazama sindano. Ilikuwa imepanda. Haikugusa wekundu, ila ilikuwa inauchungulia.

"Tutafika jioni," aliuambia ukuta. "Nane tu. Nane unaiweza."

*

Walikuja adhuhuri, watu kama arobaini, wale ambao miguu yao isingeweza kufika mtoni na wale waliowabeba. Bi. Arafa alifungua kidirisha cha mlango wa mbele, kidogo kama sahani. Hewa ya nje ilimpiga usoni kama kitambaa cha kuoshea vyombo.

Binti Mkomela alikuwa mbele. Nyuma yake, juu ya mkokoteni wa kuchotea maji, Sikuzani amelazwa. Alikuwa na miaka ishirini, ametoka kwenye homa siku tatu tu, shingo haimsimami.

"Shoga," Binti Mkomela akasema.

"Naam, shoga."

"Huyu hafiki mtoni. Naomba ile nafasi moja. Sheria naijua, niliinyooshea mkono. Nimekuja kuomba ivunjwe mbele za watu, mchana kweupe. Sikuja kwa mlango wa uani."

Bi. Arafa akahisi masikio yanamwaka.

"Na wangu je?" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Wa kwangu si mgonjwa?"

"Wako anatembea, Mwanaidi!"

"Anatembea kwenda wapi?"

Wakazozana kidogo, bila nguvu, kwa sababu joto lile halikuwaachia watu hata pumzi za ugomvi. Mwishoni mzee mmoja aliyekaa chini, miguu ameinyoosha, akasema: "Apewe huyo binti. Tumeshindwa sote, basi apone mmoja. Au nani anakataa?"

Hakukataa mtu. Hata Mwanaidi aligeuza uso.

Hapo ndipo Bi. Arafa alipokuwa peke yake kuliko siku yoyote ya maisha yake, na mumewe akikoroma hatua sita nyuma yake. Ya tisa ingeua mafaili mia nne na kumi. Ya nane ilikuwa sakafuni, uchi, imejifunika turubai.

"Umejaa," akasema.

"Umejaa nini?"

"Ukuta umejaa, shoga. Sindano inagusa wekundu."

"Umejaa vipi?" Binti Mkomela hakupandisha sauti. "Tumepima mimi na wewe. Saba, saba, saba."

"Hewa ya leo ni nzito kuliko zile."

"Uko na nani humo?"

Swali lilikuja jepesi, kama mtu anayeuliza mmepika nini. Bi. Arafa alikuwa na nafasi ya pumzi moja kulijibu.

"Niko peke yangu."

Binti Mkomela alimtazama kupitia kile kidirisha. Kisha akafanya jambo ambalo Bi. Arafa angelipa chochote asilione: akamwamini. Aliitikia kwa kichwa, akashika mkono wa mkokoteni, akaugeuza. "Haya, mwanangu," alimwambia Sikuzani. "Twende tukatafute kivuli. Somo yako anasema ukuta umejaa."

Sikuzani akanyanyua vidole viwili, vitatu, kuaga. Alikuwa amefunzwa adabu na mtu aliyejua kufunza.

*

"Umejibu vizuri, mke wangu," Mzee Kaombwe alisema alipopata nguvu ya kusema; kelele za kidirishani zilikuwa zimemwamsha. Ilikuwa yapata saa nane.

"Pumua kidogo," Bi. Arafa akamwambia.

"Kidogo vipi?"

"Kama mtu mwenye haya."

Akajaribu, masikini. Alikaa amejikunja, mikono magotini, anavuta hewa kwa ncha ya pua. Hakusema "nitoke mimi". Bi. Arafa alimngoja aseme. Angemkatalia, alikuwa na hakika angemkatalia, lakini alimngoja.

Alikwenda akafungua tundu la upande wa kaskazini, akafunga la kusini, akatazama sindano. Ndipo wazo likamjia, limechelewa kama mgeni wa harusi anayekuta masufuria yanaoshwa. Angeweza kutoka yeye. Alikuwa amejiambia kwamba matundu yanataka mkono unaoyajua, na Kaombwe hajui hata kuwasha jiko. Lakini yalikuwa matundu manne. Mtoto angeyajua kwa robo saa. Kaombwe angeachwa ndani na Sikuzani, pumzi mbili, hesabu ileile ya nane, na yeye angekwenda na mkokoteni mtupu kujaribu bahati yake na matope. Hakuliona wazo hilo adhuhuri. Au aliliona akalipita, kama unavyompita mtu unayemfahamu sokoni.

Akaenda kwenye rafu, akashusha faili la mia mbili na kumi na mbili. Karatasi ilikuwa kavu, ikalia vizuri ilipofunguliwa. Ukoo wa Mkomela. Dole gumba la bibi, dole gumba la mama, na chini yake dole dogo la mtoto wa miaka sita, limebonyezwa kwa nguvu mpaka wino umevuka mstari. Sikuzani Mkomela. Kiwanja namba tisini, Nambiro.

"Unasoma nini?" mumewe akauliza.

"Pumua kidogo."

Saa tisa na kitu, sauti ya mwanamke ikapanda kutoka upande wa kisima. Haikuwa ndefu. Ukuta mnene ule uliimeza nusu yake, lakini nusu iliyobaki ilitosha. Mzee Kaombwe akaziba masikio. Bi. Arafa alisimama na faili mikononi, akayangoja machozi yake. Aliyangoja kwa dhati, akakunja uso kuyasaidia. Hayakuja. Macho yalikuwa makavu kama kila kitu kingine mle ndani.

Magharibi upepo ukageuka, ukatoka bara. Mzee Kaombwe akavaa kanzu safi ambayo mkewe huiweka pale kwa ajili ya wageni wa serikali.

"Nitasema nilikuwa mtoni na wenzangu," akasema mlangoni.

"Sema hivyo."

"Nawe useme..."

"Mimi nimeshasema."

*

Walikufa watu wanne siku ile. Sikuzani angezikwa saa nne asubuhi, baada ya wazee wawili na mtoto wa Mwanaidi, yule aliyekuwa anatembea.

Lakini kipimo hakingoji mazishi. Saa moja watu walikuwa wamezunguka kizimba nyuma ya Nyumba ya Karatasi. Waliotoka mtoni ungewajua bila kuuliza: matope yale meusi hujaa masikioni, na hata uoge mara tatu, hukaa humo siku mbili tatu. Kila sikio lao lilikuwa na ukingo mweusi kama kucha za mkulima.

Wanawake walitaka kumzuia Binti Mkomela. "Kaa, mama, atapima mwingine." Aliwasukuma taratibu. Alikuwa na ufunguo shingoni, na kanga ileile ya jana kichwani, ile aliyofutia uso usiku kucha. Bi. Arafa alielewa kwa nini amekuja. Kama ni saba, hewa ilikuwa ileile, na Bi. Arafa alikosea tu. Kama ni nane, basi ama hewa ilikuwa nzito kweli na mwanawe alikufa kwa sheria, ama kuna mtu amekaa mahali pake.

Bi. Arafa alisimama upande wa pili wa kizimba. Mumewe alikuwa kwenye kundi, amekwisha kujitolea kubeba jeneza.

Kufuli likalia. Binti Mkomela akainamisha ndoo, akajaza chupa ya kipimo mpaka shingoni, akaimwaga kwenye pipa la mtaa.

"Moja."

Mbili. Tatu. Mkono wake ulikuwa wa mtu aliyemimina unga wa vitumbua maisha yake yote. Sita. Saba. Maji yalikuwa bado yanasikika ndooni.

Akamimina. Maji yakapanda, yakapanda, yakasimama vidole viwili chini ya shingo ya chupa. Bi. Arafa alijua vidole viwili vile viko wapi. Vilikuwa kwenye kopo la biskuti.

"Nane," alisema Binti Mkomela. "Kasoro vidole viwili."

"Si nilikwambia hewa ilikuwa nzito," Bi. Arafa akasema.

"Ulinambia. Lakini jana asubuhi niliacha beseni kavu kwenye baraza la msikiti, na unga wa chumvi ndani, kama tulivyofanya zile siku tatu. Chumvi imevuta maji yaleyale. Kijiko kwa kijiko." Akaiinua chupa, akaitazama kwenye mwanga. "Hewa ilikuwa ileile, shoga. Basi hii ya nane imetoka wapi?"

Watu wakamgeukia Bi. Arafa. Alitafuta neno, akapata la kwanza lililokuwa karibu.

"Nililia," akasema. "Nilipowafungia kidirisha. Nililia mchana kutwa, shoga. Machozi nayo si maji? Ukuta huchukua vyote."

Mwanaidi alianza kuguna kwa huruma, akaacha.

Binti Mkomela akaweka chupa chini. Akavua kanga kichwani, nywele zake zikabaki wazi mbele za wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Akaikunja mara mbili, akachukua kizibo cha ile chupa, akakishika kwa vidole. Akaikamua kanga juu yake kwa nguvu, mpaka mishipa ya mikono ikamsimama. Ikadondosha tone. Likaja la pili. La tatu alilisubiri, likakataa.

"Haya ni ya mama mzazi," akasema, akawaonyesha kizibo. "Ya jana na ya usiku, na jasho humohumo. Hayajafunika hata sakafu ya kizibo. Wewe somo umejaza chupa."

Bi. Arafa alifungua mdomo.

"Jamani, jamani," Mzee Kaombwe akajitokeza mbele, kanzu nyeupe, mikono juu, kama kwenye mkutano. Hakuweza kuona watu wamekusanyika na yeye amenyamaza. "Tusimuonee mwenzetu siku ya msiba. Huyu ana machozi ya karibu, mimi ndiye ninayeishi naye. Jana alilia huyu, akalia, mpaka nikaogopa atadhurika. Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

Akayashika, yote mawili, kuwaonyesha. Yalikuwa safi kama ya mtoto aliyetolewa beseni.

Binti Mkomela akakigeuza kizibo, matone matatu yakaanguka mchangani.

"Ulimsikia ukiwa wapi, shemeji?"